Miaka tisa kwa kampuni moja ya bima, na jirani mgeni analipa nafuu kuliko sisi

Shikamoo mama,

Nakuandikia bahasha ya kampuni ya bima ikiwa mezani mbele yangu. Bima ya nyumba yetu inaisha siku 26 zijazo, na wametuletea bei ya kuihuisha. Fedha zenyewe sitazitaja, nitasema kwa mafungu: ikiwa mwaka wa kwanza tulilipa 100, safari hii wanataka 184.

Tuko nao mwaka wa tisa sasa. Hatujawahi kudai chochote. Hata watoto walipovunja kioo cha dirisha kwa mpira, mwaka juzi, tulinunua wenyewe kwa kuogopa kuchafua jina letu kwao. Bei ilikuwa ikipanda kidogo kila mwaka na mimi nikawa nasema kila kitu kinapanda. Fedha zinakatwa moja kwa moja benki. Kusema kweli barua zao nilikuwa sizisomi, nazitia kwenye faili basi.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu. Nyumba yake na yetu zilijengwa na fundi mmoja, vyumba sawasawa, paa la aina moja. Alihamia mwaka jana akakata bima kampuni hiyohiyo. Kwa hesabu ileile ya mafungu, yeye analipa 118. Mama, niliumia. Nikapiga simu, dada aliyepokea akaniambia bei ya jirani ni ya wateja wapya. Nikamuuliza, je, sisi wa zamani ambao hatujawasumbua hata siku moja, bei yetu ni ipi? Akanyamaza, kisha akasema ni hiyo iliyoandikwa kwenye barua.

Mume wangu hataki habari ya kuhama. Yeye anaona tupunguze thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye mkataba. Nayo ilianza, tuseme, 100, na kampuni imekuwa ikiipandisha yenyewe hadi sasa ni 130. Anasema tuiandike 80, malipo yatashuka, kwani nyumba ya matofali haiwezi kuungua yote ikaisha. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja ya kumjibu.

Halafu kuna jambo linalonikosesha raha zaidi ya fedha. Wakala aliyetukatia bima hii ni binamu ya mume wangu. Tulipofunga ndoa alisimama nasi kuliko ndugu wa tumbo moja. Tukiondoka anapoteza kamisheni yake, na mimi ndiye nitakayeonekana nimemfukuza.

Naomba uniambie, kuzungukia kampuni nyingine kunaokoa kitu kweli, au nitahama nirudi nikilia? Nianzie wapi? Na shemeji nimwambieje?

Mteja wa miaka tisa

*

Marahaba mwanangu,

Umeumia kwa haki, na nashukuru umeumia siku 26 kabla ya tarehe, si siku mbili baada yake. Muda ulio nao unatosha.

Nimekaa na namba zako. Bei inayopandishwa asilimia 7 kila mwaka, ikihuishwa mara tisa, hutoka 100 ikafika karibu 184. Ndiyo maana hakuna mwaka hata mmoja ulioshtuka. Asilimia 7 haimwamshi mtu. Inaingia kama maji ya mvua chini ya mlango, na mpaka ukanyage sakafu ndipo ujue chumba kimelowa.

Lakini tuwatendee haki kwanza, ili ukienda kuzungumza nao usishindwe kwa hoja yao ya mwanzo. Thamani iliyoandikwa ilipanda toka 100 hadi 130. Nyumba inayogharimu zaidi kujengwa upya hugharimu zaidi kukatiwa bima, kwa hiyo hata wasingekuongezea kitu kingine, ungetarajia kulipa kama 130 leo. Tena kampuni za bima nazo hujikatia bima kwa wakubwa wao, ile inayoitwa bima mtawanyo, na dhoruba na mafuriko yakiwa mengi gharama hiyo hupanda, kisha hushuka hadi kwako. Basi kati ya 84 zilizoongezeka, 30 zina maelezo yake. Hizo 54 zilizobaki ndizo za kuuliza. Umwulize na jirani pia: nyumba yake ameiandika thamani gani, vyombo vya ndani vimo au havimo, na hasara ikitokea yeye hubeba kiasi gani kabla kampuni haijatoa chake? Pengine 118 yake inanunua kitu kidogo kuliko chako. Uijue kabla hujaipeleka kama ushahidi.

Ikiwa inanunua kitu kilekile, basi si wewe wa kwanza. Kampuni humvuta mteja mgeni kwa bei ndogo, wakati mwingine hata kwa hasara, zikijua kwamba wengi wakishaingia hawaulizi tena, na faida itapatikana kwenye miaka inayofuata. Uingereza jambo hili lilichunguzwa kwa kina. Mamlaka inayosimamia huduma za fedha kule, FCA, ilitoa ripoti yake mwaka 2020 ikasema kwamba mwaka 2018 wateja milioni 6 wa bima za nyumba na magari walikuwa wakitozwa bei ya juu, na kama wangelipa wastani unaolingana na hatari yao wangeokoa pauni bilioni 1.2. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 ikawa marufuku kule kumtoza mteja anayehuisha zaidi ya ambavyo angetozwa akija leo kama mgeni. Nakueleza haya ili uache kujilaumu. Watu milioni 6 hawakuwa wazembe wote. Biashara ilikuwa imejengwa juu ya shughuli zao na imani yao, na mahali ambapo hakuna katazo kama hilo, kinga yako ni kuuliza mwenyewe. Hata hao waliolindwa bado wanapaswa kuuliza, maana katazo linahusu bei za ndani ya kampuni moja, halisemi kitu kuhusu kampuni ya pili iliyo nafuu.

Na kampuni ya pili yaweza kuwa nafuu kwa mbali, kwa nyumba ileile. Wengi hudhani bima ina bei moja kama stempu ya posta. Kila kampuni hupanga bei kwa kumbukumbu za hasara zake yenyewe. Iliyolipa fidia nyingi za mafuriko itaogopa nyumba za bondeni, na ile isiyowahi kuumia huko haitaogopa. Moja mwaka huu inataka wateja wengi, nyingine imeshiba. Ndiyo sababu kuuliza mahali pamoja hakutoshi.

Sasa wazo la mumeo, nalo nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linalonitia hofu katika barua yako yote. Mwambie hivi. Kupunguza thamani iliyoandikwa si kupunguza bei ya bima, ni kuiacha sehemu ya nyumba bila bima. Na sehemu hiyo haiko mahali pamoja, kusema labda ni kile chumba cha nyuma. Imesambaa nyumba nzima. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba ukiandika thamani pungufu, fidia yako nayo itapunguzwa kwa kiwango hichohicho, hata kama hasara ni ndogo.

Tuchukue namba zenu. Nyumba kuijenga upya ni 130, ninyi mmeiandika 80. Jiko linaungua, hasara ni 26. Mumeo atasema 26 ni ndogo kuliko 80, watalipa yote. Hapana. Watasema mmejikatia bima ya 80 kati ya 130, kwa hiyo watalipa 80 kati ya kila 130 za hasara. Fidia inakuwa 16, na 10 mnatoa mfukoni, kabla hata ya kukatwa lile fungu la kwanza la hasara ambalo mkataba huwaachia mlibebe wenyewe. Wala nyumba haikuungua yote. Imeungua jiko tu. Hoja yake kwamba matofali hayaishi ni ya kweli, lakini kwenye mkataba wenye kifungu hicho haimsaidii.

Kinachonisikitisha ni kwamba kwa macho itaonekana amefaulu. Malipo yakishuka sambamba na thamani, 184 itakuwa kama 113, chini hata ya jirani. Mtakaa miaka mkifurahia, na siku mtakayojua ni siku ambayo mko nje usiku na watoto mmewafunga mablanketi.

Hata hiyo 130 yenyewe msiichukue kama neno la mwisho. Kampuni imekuwa ikiipandisha kwa asilimia bila kuja kuitazama nyumba. Kama mmeongeza chumba au kubadilisha paa tangu mwaka wa kwanza, huenda ni ndogo. Huenda pia ni kubwa, na mnalipia kitu kisichokuwapo. Mkisie upya, na mnachokisia ni gharama ya kuijenga nyumba tena, pamoja na kubomoa mabaki, kuyazoa, na kuwalipa wachoraji na wasimamizi. Bei ambayo mtu angeinunua sokoni ni jambo jingine. Bei ya sokoni ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Fundi mwenye uzoefu au mthamini wa majengo atawapa namba mnayoweza kuitetea. Vyombo vya ndani ni kazi yenu wenyewe: piteni chumba kwa chumba na kalamu, mfungue makabati na droo, mpige na picha. Karibu kila anayefanya zoezi hili hukuta ana vitu vingi kuliko alivyodhani.

Kama mumeo anataka mahali pa kubana kwa halali, papo. Ni lile fungu la kwanza la hasara. Mkikubali kubeba kubwa zaidi, kampuni itapunguza bei, kwa sababu hamtaisumbua kwa vitu vidogo. Na ninyi tayari mnaishi hivyo! Mlinunua kioo wenyewe. Basi mlipwe kwa tabia hiyo. Ila fungu liwe ni kiasi mnachoweza kukitoa wiki hiyohiyo bila kukopa.

Hapo ndipo uanze kuzunguka. Andika karatasi moja tu: thamani ya jengo, thamani ya vyombo, fungu mtakalobeba, aina ya kuta na paa, mwaka ilipojengwa, makufuli na kengele za ulinzi, nani anaishi humo, kama kuna biashara inayofanyika nyumbani. Karatasi hiyohiyo uipeleke kila mahali bila kubadilisha neno. Watu hushindwa zoezi hili kwa sababu wanamwambia huyu hivi na yule vile, mwishoni wanalinganisha embe na chungwa. Uende kampuni tatu au nne, na angalau dalali mmoja wa bima. Wakala kama shemeji yako huuza bidhaa za kampuni aliyofungamana nayo, lakini dalali anaweza kukutafutia kwa nyingi. Muulize tu anazungukia kampuni zipi na analipwaje. Na kila jina usilolijua, kabla ya kulipa, hakikisha lina leseni ya mamlaka ya bima. Bei ndogo kupita kiasi kutoka kwa kampuni isiyosajiliwa ni fedha iliyotupwa.

Bei zikirudi, utavutwa na ile ya chini kabisa. Isome kwanza. Tazama maji yanasemwaje: mikataba mingi hulipa bomba lililopasuka ghafla na kukataa uvujaji wa polepole uliouozesha ukuta kwa miezi. Tazama kama kitu kilichoungua utalipwa bei ya kipya, au thamani ya kilivyochakaa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko nafuu yoyote utakayopata kwenye bei, maana sofa ya miaka tisa iliyochakaa karibu haina thamani. Tazama kikomo cha kitu kimoja, hasa dhahabu na kompyuta. Tazama nyumba ikikaa tupu siku ngapi kinga hupungua, maana wengi huandika 30 au 60, nanyi mkisafiri likizo ndefu mnaweza kuzipita bila kujua.

Na hapa nikuonye jambo ambalo kioo chenu kimenikumbusha. Fomu zikiuliza kama mmewahi kudai fidia, jibu ni hapana. Lakini fomu nyingine huuliza kama mmepata hasara yoyote katika miaka mitatu au mitano, iwe mlidai au hamkudai. Hapo kioo kinaandikwa. Ni kitu kidogo, pengine hakitaongeza bei hata kidogo. Ukikificha, umewapa sababu ya kukukatalia siku ya moto. Kwenye bima ukweli wote husemwa mwanzoni.

Ukishapata bei nzuri, irudie kampuni yako ya sasa. Usimpigie yule dada wa mapokezi, hana mamlaka. Omba kitengo cha wateja wanaotaka kuondoka, au mtu mwenye uwezo wa kubadilisha bei. Sema kwa utulivu: nina bei hii, kwa kinga hii, kutoka kwa wenzenu, na ninyi mnampa mgeni bei hii, nibakie kwa nini? Kisha nyamaza usubiri. Mara nyingi bei hushuka papo hapo, na wakishusha mkakaa, ni ushindi uleule.

Wasiposhusha, hama, ila kwa mpangilio. Wajulishe kwa maandishi kwamba hamhuishi, na mzuie ule mkato wa benki, usije ukakatwa mara mbili. Kama nyumba ina mkopo, mkopeshaji ajulishwe, kwa kawaida naye ana haki juu ya bima hiyo. Omba barua inayothibitisha miaka yote bila madai, ina thamani kwa kampuni mpya. Lipeni kwa mkupuo mkiweza, kwani malipo ya kila mwezi mara nyingi hubeba riba ndani yake. Na bima mpya ianze saa ileile ya zamani inapoisha. Ukiacha hata usiku mmoja katikati, usiku huo nyumba ni yenu peke yenu.

Sasa shemeji.

Nenda kwake wewe na mumeo pamoja, na mwende mapema, kabla hujawapigia wengine. Usimtume mumeo peke yake akaongee kiume nje ya nyumba, kwa sababu ukiwa haupo ndipo utakapogeuzwa kuwa wewe uliyemfukuza. Mpelekeeni barua na namba. Mwambieni: tumekuja kwako kwanza kwa sababu ya ulivyotufanyia, tusaidie. Wakala mzuri ana anachoweza kufanya. Anaweza kuiombea familia yenu bei upya, anaweza kuonyesha kwamba aina ya paa au makufuli iliandikwa vibaya tangu mwanzo, anaweza kujua bidhaa nyingine ya kampuni hiyohiyo iliyo nafuu. Kuna uwezekano hata yeye hajui mmepandishwa hivi, kwa kuwa barua za kuhuisha huchapwa na mashine makao makuu. Mpeni siku kumi. Siku 16 zitakazobaki zinawatosha kuzunguka.

Akirudi na bei inayokaribiana na za wengine, hata ikizidi kidogo, mimi ningebaki. Mtu anayeijua nyumba yenu, atakayepokea simu usiku wa hasara na kuja kusimama nanyi mbele ya mkaguzi, ana thamani ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya bei. Lakini akirudi mikono mitupu, msiendelee kulipa 54 za ziada kila mwaka kwa jina lake. Sehemu atakayopata yeye ni kipande kidogo cha kamisheni, nyingine yote inaenda kwa kampuni. Mkitaka kumshika mkono, mshikeni mkono moja kwa moja, mtampa zaidi na mtatoa pungufu.

Mwambie hivyohivyo, na hesabu umwonyeshe. Yeye ni mtu wa bima, ataielewa kabla hujamaliza sentensi.